Mtani Aliyenasa kwenye Kiti cha Askofu

Ninyi mnaokaa kwenye makochi ya sponji mpaka mgongo unapinda kama mundu, kaeni vizuri mnisome. Juzi nimemkuta mjukuu wangu mmoja, jina lake namhifadhia, anapaka meza vanishi kwa brashi ya chokaa. Yuko uani, upepo unavuma, kuku wanachakura pembeni. Nikamwuliza, "Unapaka meza au unapaka samaki unga?" Akacheka. Mimi sikucheka. Meza ile ukiipapasa leo utafikiri ni mgongo wa kenge.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule sikukaa sana, nilijifunza kusoma pamoja na katekisimu, mkiona herufi zimelala mziinue wenyewe. Lakini kung'arisha mbao najua. Nimeifanya kazi hiyo Ng'ambo, hapa hapa Tabora, tangu enzi za Mwingereza, katika karakana ya Fundi Mrisho. Yeye alichonga, mimi nikang'arisha. Alikuwa Mmanyema, mfupi, na penseli nyuma ya kila sikio, halafu anazunguka karakana nzima akiuliza nani kaiba penseli yake.

Kwanza niwaambie kazi, maana hadithi bila kazi ni umbea.

Mninga ukishapigwa randa unaonekana laini. Usiuamini. Ubao una nywele kama paka. Ulowanishe kidogo kwa kitambaa, uache ukauke, nywele zitasimama. Ndipo unachukua jani la msasa. Mnaposema msasa ninyi mnafikiria karatasi ya dukani. Sisi tulikuwa na mti wenyewe, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Unasugua kufuata ubao unavyolala, hukatizi. Halafu unalowanisha tena, unasugua tena, mpaka mkono ukipita usisikie kitu.

Baada ya hapo magamba, ndiyo vanishi yetu ya zamani. Yalikuja kutoka Bara Hindi, vipande vyembamba vyenye rangi ya asali, unavilowesha kwenye spiriti mpaka viyeyuke. Pamba unaifunga ndani ya kitambaa kikuukuu cha kitani, ukubwa wa kitumbua. Unachovya, unadondosha tone la mafuta, unaanza kuzungusha mkono juu ya ubao, ukienda na kurudi kama nyoka anayetafuta mkia wake. Usisimame. Ukisimama, pamba inanata na kila mtu ataona uliposimama. Unapaka mpako mwembamba, unaacha, unapaka mwingine, siku nyingi, mpaka ubao unakuonyesha sura yako na unajuta kuitazama.

Spiriti ile ilikuwa na mtihani wake. Palikuwa na seremala mmoja pale aliyependa kuionja fundi akigeuka. Fundi hakugomba. Siku moja akatia magamba mengi kwenye chupa, akaiacha mahali pake. Bwana yule alipogeuka kutoka kwenye rafu, Fundi akamwuliza, "Umeonja?" Naye akashindwa kujibu, midomo imegandana. Tukamsafisha kwa mafuta ya karanga. Baada ya hapo alikunywa chai.

Mimi niliingiaje humo? Kwa nta. Mume wangu, baba yao Kulwa na Doto, alikwenda pwani kukata mkonge, akasahau njia ya kurudi. Nikawa nachukua nta kwa watu wa Sikonge wanaorina asali msituni, naiyeyusha, naichuja, namletea Fundi. Siku moja nikamwona anavyoipaka kwenye mlango, nikamwambia anaipaka kama mtu anayemkanda mgonjwa asiyempenda. Akanirushia kitambaa. "Haya, mpende wewe." Sikukirudisha.

Nyumbani hawakufurahi. Nilikaa na mama yangu, ambaye sote tulimwita Mayo, na mdogo wangu Kalunde, na wanangu pacha. Mayo alikuwa na neno lake moja: "Mwanamke na mbao ni kuni." Kila jioni ananinusa mikono, anasema nanuka kama taa ya kandili. Alitaka sote turudi shambani kwao, karibu na Kipalapala, tukalime. Tukabishana msimu mzima. Mwisho tukakubaliana: kazi ya kwanza nitakayoachiwa peke yangu ikikubaliwa na aliyeiagiza, nabaki. Ikirudishwa, nafunga mzigo bila kusema neno. Mayo akaridhika haraka. Alikuwa na hakika itarudishwa.

Sasa palikuwa na Padre mmoja. Alikuwa Mfaransa mwenye ndevu za kufagilia meza, naye alikuja karakana na kiti ndani ya gari lake bovu. Kiti cha bibi yake, kimevuka bahari, kimepanda treni, kimefika Tabora na mguu mmoja umelegea tu. Hatujawahi kuona kitu kama kile. Miguu imepinda kama ya mbuzi anayetaka kuruka. Mgongoni maua, mikononi mawimbi, kitako kimejazwa singa za farasi. Askofu atakuja kutoa kipaimara, akasema Padre, na kanisani hatuna mahali pa kumkalisha ila kibao cha wanakwaya. Nichongeeni kiti kama hiki, kwa mninga wa kwenu.

Fundi akamwuliza kama ni kiti cha mfalme.

"Hapana," akasema Padre. "Wafalme wenye viti hivi walikufa zamani. Baadaye, wakati wa babu yangu, mafundi wa mtaa mmoja wa Paris waliviiga, wakawauzia watu wa kawaida waliotaka kukaa kifalme. Bibi yangu alikuwa anauza jibini."

Padre alipoondoka Fundi akakipindua kiti miguu juu. Alikuwa na kawaida hiyo. Alisema kiti ni kama mtu, ukitaka kumjua mtazame pale anapodhani haonekani. Chini ya kitako tukakuta ubao haukulainishwa, alama za patasi zimeachwa wazi. Fundi akafurahi kama amekutana na ndugu. "Tazama. Huyu alikuwa na njaa." Akapitisha kidole kwenye maua ya mgongoni, ua moja lina majani matano, la pili yake sita. "Na hapa alikuwa anaongea na mtu."

Padre alipokuja tena, Fundi akamwuliza kwa adabu kabisa, "Padre, yule mwenzangu wa Paris alipokosea, na mimi nikosee pale pale?"

"Kosea pako mwenyewe," akasema Padre.

Fundi akachonga. Sitawachosha. Kiti kilipokamilika ungesema mbuzi mwenyewe kaingia karakana. Fundi akakisukuma upande wangu. "Hiki ni chako. Sitagusa. Padre akikikubali, viti vyote vya altare ni vyetu, na wewe ni fundi wa hapa. Akikikataa, kazi itakwenda karakana ya Wahindi mjini, na mimi sitakuwa na la kukutetea."

Mimi na akili zangu nikaona adui yangu ni mmoja tu, vumbi. Karakana ina vumbi la msumeno, nyumbani kuna watoto. Nyumba ya jirani aliishi mjomba wangu Kapaya, kaka yake Mayo. Alikuwa mzee sana, hatoki kitandani, na chumba chake cha ndani hakikuwa na mtu wa kuingia kutimua vumbi. Nikakipeleka kiti mle. Mjomba katika ujana wake alikuwa mpagazi, amebeba pembe kwenda pwani na vitambaa kurudi. Akawa analala ubavu ananitazama nikizungusha pamba.

"Mama Kulwa," akaniambia, "kitu hiki ningepewa kubeba kutoka pwani, ningekitupa Ugogo."

"Ungepigwa, mjomba."

"Ningepigwa nikiwa mwepesi."

Tulikaa hivyo siku kadhaa, mimi na yeye na kiti, tukicheka. Halafu akafa. Alikufa usingizini, kwa utulivu, kiti kikimtazama.

Tukazika, tukakaa matanga. Mwanamke wa matanga hafanyi kazi, kwa hiyo kiti kikakaa mle ndani bila mpako wa mwisho, na Askofu anakaribia. Padre akatuma neno atakuja kukichukua kesho yake baada ya siku ya kuanua matanga. Alfajiri ya siku hiyo ya kuanua, watu wote wamelala kwenye mikeka, nikapenya ndani na pamba yangu, nikapaka mpako wa mwisho, mzuri, mzito kidogo kuliko ulivyopaswa. Nikavuta mlango. Nikajisemea nani ataingia chumba cha marehemu?

Ninyi mnaocheka mmeshajua. Mimi Mnyamwezi mzima, niliyelelewa kwenye misiba, nilisahau watani.

Siku hizi utani mnaufanya kwenye mpira. Zamani utani ulikuwa sheria. Wazaramo na sisi ni watani tangu misafara, babu zao waliwaona babu zetu wakiingia pwani na mabega yaliyochubuka, wakawacheka, nao wakachekwa kwa mambo yao. Mtani ndiye anayekusaidia kuchimba kaburi, na mtani huyo huyo siku ya kuanua matanga anaingia nyumba ya msiba na kuteka anachotaka. Sufuria, mbuzi, kanga ya mjane. Hakuna kukasirika. Unakikomboa kwa anachotaka, mnacheka, msiba umekwisha. Ukinuna, aibu ni yako.

Mtani wetu mkubwa pale Ng'ambo alikuwa Kibwana, Mzaramo wa reli, ndiye aliyeshika bendera za kuongoza treni stesheni. Tumbo mbele, tarbushi nyekundu juu, mikono minene yenye manyoya, shati la mikono mifupi. Siku hiyo nilikuwa nakoroga uji nikasikia kelele kutoka ndani, na Kibwana huyo anatoka akiburuta kiti changu. Akakiweka katikati ya uwanja. Akakikalia. Akalaza mikono yake yote miwili juu ya mikono ya kiti, taratibu, kama mtu anayejifunika.

"Mimi sasa ndiye Kapaya," akatangaza. "Nileteeni uji, na usiwe na mabonge."

Watu wakaangua kicheko. Fundi Mrisho alikuwa kwenye mkeka wa wanaume. Akanitazama. Nikamtazama. Penseli moja ikamwanguka sikioni wala hakuiokota.

Nikaweka mwiko chini, nikamwendea Kibwana na tabasamu, maana kununa hairuhusiwi.

"Mtani, nyanyuka. Hicho si cha marehemu."

"Kimetoka chumbani kwa marehemu, mke wangu," akasema, maana mtani huita mke hata asiyemwoa. "Nimekiona kwa macho yangu."

"Hakijakauka."

"Wanyamwezi uongo hamuujui. Mnachojua ni kubeba tu."

"Basi tukikomboe kwa nini? Kuku?"

"Sitaki kuku. Kuku wenu wamekonda kwa kutembea. Nataka nibebwe. Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu, ninyi nibebeni mimi, juu ya kiti hiki, mnizungushe Ng'ambo yote watu wanione. Ndipo nitakitoa."

Kicheko tena. Mayo alikuwa amekaa na wazee, akatikisa kichwa kama mtu anayeona mzigo wangu umeshafungwa.

Ndipo nikaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Nzi alitua puani kwa Kibwana. Akataka kumfukuza, mkono haukuja. Akavuta kidogo. Haukuja. Akampuliza yule nzi kwa mdomo, akaendelea kucheka, lakini macho hayakucheka tena. Jua na jasho na magamba vimeshamshika.

Nikajua mambo mawili. Akijinyofoa kwa nguvu pale, atatoka na mpako wote, na kiti kitakuwa na vidonda ambavyo siviwezi. Na dawa ni spiriti, nayo iko karakana, mtaa wa tatu. Nikamwinamia sikioni. "Mtani, umenasa?"

"Nani kanasa?" akanong'ona. "Nimestarehe."

"Vizuri." Nikawageukia wapwa wenzangu wanne, vijana wenye mabega. "Mtani kaomba kubebwa. Mbebeni."

Mayo akasema, "Umerukwa na akili?"

"Mayo, mtani haombi mara mbili."

Wakainua kiti kwa miguu yake. Kibwana akapaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikatangulia mbele na mwiko wangu mkononi.

"Sikilizeni sheria ya msafara," nikasema kwa sauti. "Mzigo haushushwi kabla ya kambi. Na kambi anaitaja kirangozi, aliye mbele."

"Kirangozi ni nani?" akauliza Kibwana huko juu.

"Ni mimi."

Tukaenda. Uwanja mzima ukafuata nyuma, wazee wakaimba zile za njiani, ambazo wengine hawakuwa wameziimba tangu meno yao yakiwa kamili. Tulipofika sokoni jua lilikuwa linawaka, na kadiri linavyowaka ndivyo Kibwana anavyozidi kugandana na kiti. Akaanza polepole.

"Mama Kulwa, inatosha. Nishusheni."

Mpwa mmoja akawauliza wenzake, "Jamani, tangu lini mzigo ukasema?"

"Wa pembe haukusema."

"Huu ni wa mafuta. Ya mafuta hupiga kelele yakipata joto."

Kwenye kona ya soko akapita mkubwa wake wa stesheni juu ya baiskeli. Kibwana alizoea kumpigia saluti. Safari hii akamwinamia kwa kichwa tu, kama sultani, na tarbushi ikadondoka. Bwana yule akakaribia kuanguka na baiskeli yake. Mimi nikaokota tarbushi, nikaifuta vumbi, nikamvalisha. Mtani ni mtani, lakini kichwa cha mtu ni kichwa cha mtu.

"Kambi," nikasema, mlangoni pa karakana.

Fundi alikuwa amekimbia kwa njia ya nyuma, chupa mkononi. Tukampaka Kibwana spiriti polepole pembezoni mwa mikono, akilalamika kwamba anaonewa, mpaka akabanduka. Tukamwinua. Juu ya mikono ya kiti palikuwa na alama mbili ndefu, zimefifia kama samaki waliolala, na katika kila alama manyoya ya Kizaramo yamesimama wima.

Nikajaribu kung'oa unyoya mmoja kwa kucha, ukakatikia humo humo. Kibwana alikuwa anajisugua mikono. Alipoona uso wangu akaacha.

"Mke wangu, sikujua."

"Usiombe radhi," nikamwambia. "Ukiomba radhi utani umekufa, na mimi sina kitu kingine cha kunifariji leo."

Akatoka. Nikadhani amekwenda zake. Akarudi na furushi la pamba za kufutia injini, safi, akalitua miguuni pangu. Akakaa chini, akakishika kiti kisiyumbe.

Magamba hayakuwa na muda wa kukauka tena. Nikavua mpako wote mikononi mwa kiti, nikasugua kwa msasa mpaka ubao mtupu, mgongo na miguu nikaviacha vinavyong'aa. Halafu nikachukua nta ya Sikonge, nikaipaka mikononi mle na kusugua kwa zile pamba mpaka bega likawaka moto. Nta haina kioo. Inatoa mwanga mdogo, kama ngozi ya mtu aliyeoga.

Fundi akasema, "Padre ataona ni tofauti."

"Ataona."

"Unaweza kumwomba muda."

"Askofu hangojei pamba."

Akazitafuta penseli zake akazipata zote. "Kiti ni chako. Nilishasema."

Asubuhi Padre akaja. Kibwana naye alikuja, akasimama mlangoni na sare ya reli, sikumwita. Padre akakizunguka kiti, akapapasa maua, akainama akachungulia chini ya kitako, akacheka peke yake. Halafu akakaa. Akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, akaipeleka mbele, akairudisha nyuma. Akatazama pale penye nta. Mimi nilikuwa nimeshika pamba mpaka jasho la mkono likapenya.

"Nani alikaa hapa kabla yangu?" akauliza.

Fundi akapapasa penseli zake.

"Mimi, Padre," akasema Kibwana.

"Muda mrefu?"

"Kuliko nilivyotaka."

Padre akasimama, akaenda kwenye kile kiti cha bibi yake, kilichokuwa bado kwetu kwa mfano, akatuita. Kumbe siku zote tulikitazama maua, hatukukitazama mikono. Mikononi hakikung'aa. Palikuwa pamefifia, laini, pana joto, kwa mikono ya watu waliokaa wakizungumza na kuuza jibini mpaka wakafa. "Kiti kipya huwa kinang'aa kila mahali," akasema, "kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Niliogopa mtaniletea hicho. Mmejuaje?"

Fundi Mrisho, mtu mwenye kusali swala zake tano, akatazama dari. Mimi nikasema, "Tulipata msaada."

"Basi viti vya altare mvifanye hivi hivi." Padre akamgeukia Kibwana. "Na huyu mtamkalisha kwenye kila kimoja?"

"Ukimlisha wewe," akasema Fundi.

Tangu siku hiyo mikono ya viti vyangu vyote naipaka nta, magamba yanaishia pale mkono unapoanza. Jifunzeni hilo, hata ninyi mnaotumia bomba la kupulizia rangi. Mahali mkono wa mtu unapokaa pasiwe na kioo. Kibwana naye, kila Askofu alipokuja, alikuwa anawaambia abiria stesheni kwamba kuna mzee mmoja leo amekalia nafasi yake, lakini amemsamehe.

Padre alipoondoka na kiti, Fundi alichukua msumari, akaupigilia ukutani upande wa mafundi, chini kidogo ya wa kwake. "Kitambaa chako kitakaa hapa," akasema, akaenda kutafuta penseli.

Nikarudi nyumbani. Mayo alikuwa tayari ameshusha mikeka, ameifunga kwa kamba, vyungu vimepangwa ndani ya kapu, Kalunde kambeba Doto mgongoni, majembe yameegemezwa mlangoni tayari kwa njia ya Kipalapala. Alinitazama usoni, kisha mikono, akaanza kuguna. Nami sikungoja amalize. Nikasimama mlangoni nikawaambia:

"Fungueni mzigo. Kalunde, jembe langu utalima nalo wewe hapa uani, na jioni nikitoka kazini nilikute limeoshwa."